Marhala Mbili, Dakika Ishirini

Jumatano, 15 Januari

Ndege ya Tanga imechelewa robo saa. Upepo. Abiria kumi na mmoja, mizigo mingi kuliko watu. Bibi mmoja wa Makangale kakataa kupanda mizani mbele ya wanaume. Nikamwambia bibi yangu, ndege hii ndogo, lazima nijue uzito wa kila mtu, hata rubani nimempima. Kakataa. Nikawageuza wanaume wote watazame ukutani, na msimamizi wangu pia. Akapanda. Kilo arubaini na sita pamoja na mkoba! Kelele zote zile.

Miaka kumi na sita nipo kaunta hii ya uwanja wa Pemba. Abiria wa kunishinda bado hajatua.

Nimerudi Wete saa kumi. Harusi ya Salma imebaki wiki tatu na siku mbili. Ijumaa, tarehe 7 Februari, kabla Ramadhani haijatubana. Mwanangu wa pekee, miaka ishirini na nne, nesi. Kijana ni Hamadi, mwalimu wa hesabu, mpole hadi anakera. Nimemkubali. Mpishi wa biriani yupo. Turubai lipo. Mshona nguo nimemtisha, kwa hivyo nguo zitakuwepo. Kilichobaki ni fomu ya kadhi. Mahali pa jina la walii, yaani mwenye haki ya kumuoza, nimemuandika ami yake Salma, ndugu wa baba yake, Bwana Salim, yupo hapa hapa Wete, mtu wa sala tano. Kesho naipeleka. Mambo yangu huwa hayalali njiani.

Ijumaa, 17 Januari

Fomu imerudi. Kadhi kaniita mwenyewe. Mtu wa taratibu, hana haraka na dunia. Kaniuliza baba wa mtoto yu hai? Nikasema yu hai. Ana akili zake? Nikasema hilo mimi siwezi kulitolea ushahidi. Hakucheka.

Kasema ami hawezi kuoza wakati baba yu hai na anajulikana aliko. Ndoa ingekuwa batili.  Ningemuozesha mwanangu ndoa batili kwa wino wangu mwenyewe.

Halafu akauliza, baba yuko wapi? Nikasema Tanga. Hapo akafikiri. Kasema baba akiwa mbali kwa marhala mbili, hakimu husimama mahali pake, yaani yeye kadhi. Marhala mbili ni masafa yale yale ya msafiri anayeruhusiwa kupunguza sala. Mwendo wa siku mbili wa ngamia aliyebeba mzigo. Akiwa karibu zaidi ya hapo, hapana budi aombwe ruhusa.

Nikamuuliza, marhala mbili ni kilomita ngapi? Kasema maulamaa wa leo wanahitilafiana. Wengine wanasema themanini na moja, wengine wanafika themanini na tisa.

Nikatoka pale nimenyooka. Mimi nisijue Tanga ni mbali kiasi gani? Nimekata tiketi za Tanga mpaka vidole vimepata sugu.

Kumuomba Mbarouk ruhusa! Mimi! Aliondoka Salma ana miaka sita. Alikwenda Tanga kwa miezi mitatu, kutengeneza mafriji. Miezi mitatu ikazaa mke mwengine, na talaka yangu ikaja ndani ya bahasha, imekunjwa mara nne. Mtoto nimemlea mimi. Homa zake mimi, mitihani yake mimi. Leo nikamwambie tafadhali bwana, tunaomba ruhusa? Thubutu!

Jumamosi, 18 Januari

Nimemkamata rubani kabla hajapanda. Nimemwambia nataka masafa ya Pemba na Tanga, uwanja kwa uwanja, na nataka ya kweli. Kaniangalia kama nimeugua. Katazama chombo chake. Maili arubaini na tano za angani na kidogo juu, na maili ya angani ni ndefu kuliko ya barabara.

Nimepiga hesabu nyuma ya kadi ya kupandia. Kilomita themanini na nne!

Themanini na moja nimeipita. Themanini na tisa sijaifika. Nimekaa katikati ya maulamaa.

Nimemuuliza, unakwenda mstari mnyoofu? Kasema leo atapinda kidogo, kuna wingu. Nikamwambia apinde kila siku. Kacheka, na dakika ishirini baadaye redio ikasema ametua. Huwa ni ishirini. Upepo ukiwa mkaidi, ishirini na tatu.

Nimefurahi siku nzima. Jumatatu naingia kwa kadhi kifua mbele.

Jumatatu, 20 Januari

Nimeaibika. Nimeingia na karatasi yangu, nimeiweka mezani, nimeketi. Kadhi kaisoma, kaivua miwani, kaivaa tena. Kaniuliza kwa upole kabisa, Bi Raya, kwani wewe unaishi uwanja wa ndege?

Masikini mimi. Masafa yanahesabiwa kutoka mji anaoishi mtu, mwisho wa majumba yake. Mimi na Salma tunaishi Wete. Kaleta ramani na rula ya skuli. Kapima kutoka Wete, baharini moja kwa moja hadi Tanga. Kilomita sabini, kasoro kidogo au zaidi kidogo. Hakuna mwanachuoni anayeziita marhala mbili.

Miaka kumi na sita nimezoea kuziona safari zote zinaanzia kwenye kaunta yangu, kama kwamba watu huzaliwa pale pale na mabegi yao. Mjinga mkubwa.

Lakini sikunyamaza. Raya hanyamazi. Nikamwambia, Shehe, hiyo njia yako ya baharini nani anaipita leo? Kasema zamani vyombo vilikuwa vikitoka bandari ya Wete hadi Tanga, babu yake mwenyewe kaenda mara nyingi. Nikasema Mungu amrehemu babu yako, lakini leo mtu wa Wete akitaka kwenda Tanga anapanda gari hadi Chake, anakuja kwangu, namkatia tiketi. Ndiyo njia. Kilomita thelathini za barabara, ongeza themanini na nne. Zimepita mia moja hizo, Shehe, na bado hatujamhesabia vumbi.

Karudi kuitazama ramani. Halafu nikaona jicho lake limechangamka. Kasema mas'ala ya mji wenye njia mbili, fupi na ndefu, yamo vitabuni. Anayeshika ndefu bila ya haja, ndefu haimfai. Mwenye sababu, inamfaa. Anataka kusoma. Nirudi Alhamisi.

Salma kaniuliza mbona nimechelewa. Nimemwambia mambo ya fomu.

Jumanne, 21 Januari

Nimeunguza mchuzi. Nimemgombeza mshona nguo kwa kosa ambalo hakulifanya.

Alhamisi, 23 Januari

Nimeshinda.

Kadhi kasema njia ya watu leo ni ya ndege, ile ya vyombo imekufa, na sababu ipo. Kwa hivyo baba yuko mbali zaidi ya marhala mbili. Yeye atasimama kama hakimu. Kaandika, kasaini, kapiga muhuri. Halafu kanipa fomu, lakini mkono wake ukabaki juu yake. Kasema, Bi Raya, kitabu kimenitosha mimi kufunga ndoa. Wewe kimekutosha? Maana kwa saa yangu ni dakika ishirini.

Nikasema ahsante Shehe, nikavuta fomu yangu.

Nimefika nyumbani nikijipigia vigelegele mwenyewe. Salma alikuwa anakunja kanga za sanduku la harusi. Nikamueleza yote, rubani, ramani, rula, babu yake kadhi. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Kaendelea kukunja. Kasema, kwa hivyo baba yuko mbali kisheria. Nikasema naam! Kasema, nilipokuwa mdogo ukinambia yuko mbali, nikawa nadhani kuna pahala watu wakienda hawafikiwi.

Halafu kaniuliza kitu kimoja tu. Hakuwahi kuja?

Nikasema hakuwahi. Nimejibu upesi, kama ninavyomjibu abiria ndege ikiwa imejaa.

Kasema sawa mama. Kamaliza kanga zake.

Ijumaa, 24 Januari

Shajara hii inajua mpaka bei za vitunguu. Hili haijui. Haya, liandikwe.

Mbarouk alikuja. Mara moja. Salma alikuwa na miaka tisa na mimi nina mwaka mmoja tu kazini. Nilimuona kupitia dirisha anashuka kwenye ndege ya Tanga, kakonda, kavaa shati jeupe, na anateremshiwa baiskeli ndogo ya mtoto iliyofungwa magazeti. Nilitoka nje kabla hajaingia ndani. Nilimwambia mtoto hayupo. Yuko Unguja kwa dada yangu, mwezi mzima. Mtoto alikuwa Wete, skuli, darasa la tatu, pengine wakati ule ule anaimba.

Akasema atasubiri. Nikamwambia asubiri wapi, nyumbani kwangu? Mbele ya watu gani? Ndege ilikuwa inarudi Tanga baada ya dakika ishirini na tano. Nilimkatia kiti mimi mwenyewe. Nilimpima mimi mwenyewe. Hakubishana. Hiyo ndiyo iliyonitia hasira zaidi, hakubishana. Baiskeli ilirudi naye.

Baada ya hapo alileta nguo za sikukuu mara mbili. Niliwapa watoto wa jirani. Halafu hakuleta tena.

Nilikuwa nikijiambia simjutii. Ni kweli, yeye simjutii. Lakini yule mtoto wa darasa la tatu sikumuuliza. Na jana nimemdanganya tena, mtu mzima, nesi, uso kwa uso, na muhuri wa kadhi mkononi.

Najichukia leo. Itapita au haitapita, sijui.

Jumapili, 26 Januari

Salma kazini, zamu ya asubuhi. Mimi nimepumzika, lakini wapi. Nimefua nguo ambazo tayari ni safi.

Jambo ni hili. Nikinyamaza, ndoa itafungwa, halali, safi, na hakuna atakayejua. Mbarouk mwenyewe hajui kama nilimdanganya. Mtoto wangu atanipenda kama kawaida. Nikisema, huenda akaniachia mkono siku chache kabla ya harusi yake.

Lakini nimemuona Alhamisi akikunja kanga. Anamtaka baba yake. Hasemi kwa sababu yangu. Mwanangu ananistahi mimi mpaka anajinyima. Sitaki stahi ya namna hiyo. Mimi si mzee wa kuhurumiwa.

Nimempigia mwenzangu wa zamu. Jumanne kiti kimoja cha Tanga, kwenda asubuhi, kurudi jioni. Jina? Kaniuliza mara mbili. Raya binti Khamis, nikamwambia, andika.

Jumanne, 28 Januari

Miaka kumi na sita nawapeleka watu Tanga na mimi mwenyewe sijawahi kufika. Leo nimepimwa mbele za watu. Kilo sabini na nane. Nimesema mizani mbovu. Wenzangu wamefurahi sana, watalisema mwaka mzima.

Nimekaa nyuma ya rubani. Minazi, mikarafuu, halafu maji tu. Nilitaka kupanga maneno ya kumwambia Mbarouk. Nimeyaanza vizuri. Sikufika katikati, bara hii hapa, watu wanaonekana, mbuzi wanaonekana. Nimetazama saa. Dakika kumi na tisa. Nimeona haya peke yangu, ndani ya ndege, bila ya mtu kunisema.

Bodaboda hadi mtaa wa Ngamiani. Kumpata hakukuwa kazi, fundi mafriji Mpemba wanamjua wote. Kibanda, mafriji matatu yamefunguliwa matumbo. Yeye ana mvi mpaka nyusi. Ana tumbo. Nilikuwa nimemuweka kichwani mwembamba na shati jeupe.

Kaniangalia. Kasimama. Kasema, Raya, kuna msiba? Nikasema hakuna msiba, kuna harusi. Kakaa chini juu ya kreti.

Nimemwambia yote nikiwa nimesimama. Harusi ya Salma. Kijana ni nani, watu wake ni nani. Kadhi kasema nini. Kisha nikamwambia la baiskeli, kwamba siku ile mtoto alikuwepo. Nilidhani atapiga kelele, na nilikuja na majibu yangu tayari, maana na mimi nina ya kwangu, bahasha ile sijaisahau.

Hakupiga kelele. Kafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Kasema, nilijua, Raya. Ulipokuwa unanikatia kiti, msichana wa ofisini kaja kaunta kukwambia skuli wamepiga simu, mtoto wako kasahau daftari. Nilikuwa nimekaa benchi pale.

Alijua! Miaka kumi na tano alijua.

Nikamuuliza kwa nini basi hukusema, kwa nini hukuja Wete kwa gari, barabara ipo? Kasema aliona haya. Alifika akitaka afukuzwe, na alipofukuzwa akashukuru. Kasema hivyo, waziwazi, katikati ya mafriji yake. Nilimkasirikia upya. Mwanamume mzima! Nikamwambia, basi mimi nilikosa na wewe ulikosa, na mtoto ndiye aliyelipa. Kasema ndiyo.

Kanipa soda. Nimeinywa, jua lilikuwa kali. Kasema ruhusa ametoa, ataandika barua ya kumpa kadhi uwakala wa kuoza, sasa hivi nikitaka. Kuja au kutokuja, kasema, wewe ndiye wa kusema.

Nikamwambia hapana. Si mimi tena. Nimemuandikia namba ya Salma. Nikamwambia nipe siku mbili nimwambie kwanza, halafu mpigie.

Ndege ya jioni dakika ishirini na moja.

Jumatano, 29 Januari

Nimemwambia Salma. Alikuwa ametoka kazini, bado na viatu. Nimemwambia bila ya kujitetea, maana kujitetea nnakujua na ningeshinda.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kauliza siku ile ilikuwa siku gani. Nikasema Jumanne. Kauliza baiskeli ilikuwa ya rangi gani. Nikasema ya chungwa, gurudumu lilikuwa linaonekana penye magazeti yaliyochanika. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Hakuupiga. Ningependa angeupiga.

Ijumaa, 31 Januari

Hasemi na mimi. Anasalimia, shikamoo mama, na ndani ya shikamoo hamna kitu. Chakula anakula. Hamadi kaja na mchele wa harusi, kaona hali, kawa mpole zaidi, nikataka kumfukuza.

Jioni simu ya Salma ililia. Alitoka nayo uani. Nimemuona dirishani anatembea baina ya mpapai na kamba ya nguo, anakwenda anarudi. Sikusikia neno. Sikutoka. Nilishika ukingo wa dirisha ili nisitoke.

Jumapili, 2 Februari

Bwana Salim, ami yake, kaja juu kwa hasira kwamba kaondolewa kwenye fomu na hakuambiwa. Nimemjibu, shemeji yangu nimekosa, na kama unataka kumlaumu mtu basi kaka yako anakuja Alhamisi, kampokee wewe. Kaacha hasira pale pale. Kaka yake hajamuona miaka kumi na minane. Kaniuliza ndege saa ngapi.

Kwa hivyo anakuja. Mimi mwenyewe nimejua leo asubuhi tu. Salma aliandika kwenye karatasi, kaiweka chini ya chupa ya chai. "Baba anakuja Alhamisi, ndege ya asubuhi. Ndoa ataifunga yeye." Nimeisoma mara tatu. Mwandiko wake mzuri, kuliko wangu.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda kwa kadhi kurudisha fomu yenye muhuri. Nimemwambia baba anakuja, hukumu yako nzuri haitatumika. Nilidhani atakereka, kwa kusoma kote kule. Kafurahi. Kasema hukumu haijapotea, atawasomesha vijana wake mas'ala ya Wete na Tanga.

Nyumbani Salma kaniuliza chumvi iko wapi. Chumvi iko pale pale ilipokaa tangu azaliwe. Nimemuonesha.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda kazini. Wenzangu wamesema pumzika, una harusi. Nikasema nani atapokea ndege ya Tanga? Mimi.

Salma kaja uwanjani na Bwana Salim. Kavaa baibui lake la kazi, si la mtoko. Kasimama upande wa wanaopokea wageni, hakuja kaunta. Nami sikumwita.

Ndege ilitua saa tatu kasorobo. Watu wanane. Mbarouk wa mwisho kushuka. Mkoba mmoja. Anatembea kama mtu anayekwenda kupokea matokeo ya mtihani. Ilibidi apite kwangu kuingia ndani, hakuna mlango mwengine. Alisimama mbele yangu. Kweli alisimama, akangoja. Nikajua anangoja nini.

Nikamwambia pita, mwanao yule pale.

Halafu nikajishughulisha na mizigo ya watu. Nimekosea uzito mara mbili, begi moja nimeliandika kilo mia moja na ishirini, rubani kaja kuuliza kama kuna ng'ombe. Nilisikia Bwana Salim analia kwa sauti, hana aibu yule. Salma sikumsikia. Nilipoinua kichwa walikuwa wamesimama mbali kidogo, hawakushikana, wanaangaliana tu. Pua zile zile. Sikuwahi kuliona hilo, nilikuwa nikisema pua kachukua kwetu.

Ijumaa, 7 Februari

Nyumba imejaa. Biriani sawa. Turubai limepasuka pembeni, nimelishona mwenyewe na hina mkononi. Naandika upesi, kabla hawajaniita.

Asubuhi kabla wanaume hawajakwenda msikitini, Mbarouk na kadhi na mashahidi wawili walikuja mlangoni kuomba idhini ya bi harusi, kama ada. Wanawake tumekaa ndani kwenye mkeka, Salma katikati, kafunikwa mtandio. Kwetu bi harusi haulizwi mara moja akajibu. Huulizwa, hunyamaza. Huulizwa tena, hunyamaza, bibi zake humfinya. Mara ya tatu hujibu kwa sauti ya panya. Mimi nilijibu ya nne.

Mbarouk kaanza. Sauti ilimkatika kwenye jina. Kaanza upya. Salma binti Mbarouk, umeniruhusu mimi baba yako nikuoze kwa Hamadi...

Hakumaliza. Salma kasema, nimekuruhusu, baba!

Kwa sauti ya kusikika barabarani. Mara ya kwanza! Wanawake wakashika vinywa. Shangazi yake kasema toto hili halina haya. Halafu wakacheka wote, na vigelegele vikaanza kabla ya wakati wake. Mimi nikacheka mpaka machozi yakachanganyika na wanja. Nilimuonea wivu Mbarouk kwa neno lile. Wivu mkali. Halafu Salma, chini ya mtandio, akautafuta mkono wangu juu ya mkeka, akaubana, na hakuuachia mpaka wanaume wamekwisha kuondoka.

Wananiita.

Jumapili, 16 Februari

Nyumba imekuwa kubwa. Nimekunja turubai, nimerudisha masufuria ya watu. Sahani mbili hazina mwenyewe.

Salma na Hamadi wapo Tanga tangu Ijumaa, watakaa siku tano, kwa baba yake. Niliwapima na kuwakatia viti. Hamadi alitaka kujua masafa, mwalimu wa hesabu huyo, nikamwambia amuulize kadhi.

Leo baada ya alasiri Salma kanipigia. Kazungumza kuhusu samaki wa kule, kuhusu wadogo zake wawili wa kwa baba, warefu, wanamuita dada. Alikuwa anacheka. Kisha nikamsikia Mbarouk nyuma yake anamuuliza, ulipokuwa mdogo ulikuwa unaogopa nini? Salma kasema, sikumbuki, muulize mama, yeye ndiye anayejua. Akampa simu.

Nikamwambia radi. Alikuwa anaogopa radi, anajificha kabatini na paka, na paka hataki. Akauliza, na kula je? Nikamwambia muhogo mbichi, mpaka tumbo linamuuma. Akauliza skuli. Akauliza jino la kwanza lilitoka lini. Akauliza surua. Nikawa nasema, yeye anasema enhe, enhe, halafu? Sikuwa nimejua kama yote yale nimeyaweka.

Tumeagana kwa sababu adhana ya Magharibi imeanza. Simu inaonesha dakika arubaini na mbili. Ni muda wa kwenda Tanga na kurudi.